Mashua ya Nane

Hakuna mwanamume aliyewahi kunidanganya nisimjue palepale. Waume zangu wawili walifaulu, sikatai, lakini hao walikuwa na miaka mingi ya kufanya mazoezi.

Fundi wa lifti hakuwa na mazoezi yoyote. Mtazameni asubuhi ile, saa mbili kasoro, chini ya jengo la ofisi la ghorofa kumi na mbili. Watu wamebanana, manukato yanagombana na jasho, kila mtu ameinua shingo kutazama namba zinavyoshuka. Fundi yuko ndani ya lifti, ovaroli la buluu, upara unang'aa, bisibisi mdomoni kama mswaki. Mara umati ukagawanyika. Akaja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sketi ya kijivu iliyopigwa pasi ikanyooka, viatu virefu, na begani bomba la alumini lililomzidi urefu karibu mara mbili.

"Dada, hilo haliingii," Fundi alisema.

"Jana liliingia."

"Jana lilikuwa fupi?"

Watu wakacheka. Mwanamke hakucheka. "Ni nusu ya mlingoti. Nusu nyingine iko nyumbani, chini ya kitanda."

"Pole kwa kitanda."

Hata hivyo alipanda kwenye ngazi yake, akafungua kifuniko cha dari ya lifti, akalisimamisha bomba hadi likachomoza juu gizani. Wakapanda wote wawili wakilishika, mmoja huku na mwingine kule, kama wanaocheza dansi na mtu wa tatu.

"Una uzito gani?" mwanamke aliuliza walipofika ghorofa ya nne.

"Dada, tumejuana ghorofa nne tu."

"Nakuuliza uzito."

"Kilo sabini na tano."

"Unajua kuogelea?"

"Kidogo... vizuri. Kwa nini?"

"Jumamosi, saa tatu asubuhi, bwawani. Usichelewe."

Hivyo ndivyo alivyotongozwa, kama kweli ulikuwa utongozaji.

Mwanamke huyo kazini alichora ramani za mabomba ya maji, lakini moyo wake ulikuwa kwenye bwawa la kuhifadhia maji lililozungukwa na majumba ya ghorofa, penye klabu ya mashua. Yeye alikuwa katibu wa mashua za mtu mmoja: mashua ndogo, tanga moja, na ndani yake mtu peke yake na kiburi chake. Ijumaa aliwapigia wanachama mmoja mmoja kuwakumbusha. Aliwashonea matanga wavivu. Aliwabembeleza waliokata tamaa na kuwatania waliooa wakapotea. Pamoja na jasho lote hilo, walibaki saba. Na Mwenyekiti wa klabu alikwishaandika barua: siku ya mashindano ya kufunga msimu, zisipohesabiwa mashua nane kwenye mstari, mashua za mtu mmoja zinafutwa kwenye ratiba na bohari lao wanapewa wenye boti za injini.

Ndiyo maana ya kilo sabini na tano: mashua iliyobaki ilitaka mtu wa uzito huo.

Bohari lilikuwa na ubao wenye misumari, na kila msumari kibati chenye namba. Ukiingia majini unachukua kibati chako, ukirudi unakitundika. Kibati kisiporudi, watu wanakwenda kukutafuta. Fundi alipewa namba nane, mashua nyeupe iliyofunikwa turubai. Jumamosi ya kwanza alikitoa kibati msumarini kikamdondoshea maji kiganjani.

"Kimelowa," alisema.

"Bohari lina unyevu," Katibu alijibu haraka.

Fundi akatazama vibati vingine saba. Vilikuwa vimekauka, viwili vina vumbi.

Alijifunza upesi. Alipinduka mara kumi na moja, Katibu akacheka mara kumi na mbili. Kufikia mwezi wa pili, saa ya chakula cha mchana ilikuwa saa ya simu.

"Uko wapi, laazizi?"

"Juu ya lifti."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Juu ya lifti yenyewe, mpenzi. Nimekaa kwenye paa lake kama kuku."

"Shuka, utaanguka!"

"Nilishaanguka siku ya bomba."

"Maneno hayo umeyatoa redioni."

"Redio imeyatoa kwangu."

Lakini mambo madogo yalizidi. Kamba za namba nane alizizungusha mkono wa kulia akirudi, Jumamosi nyingine akazikuta zimezungushwa mkono wa kushoto. Kiti alikikuta na vuguvugu, kama kile unachokalia mtu akishanyanyuka sasa hivi. Siku moja akavaa jaketi la manjano lililokaa ndani ya mashua hiyo, akavuta kofia yake kichwani, akaivua tena.

"Nani mwingine anavaa jaketi hili?"

"Hakuna."

"Linanuka mafuta ya nywele. Mimi nywele zangu ziliniaga zamani."

Katibu akalichukua, akainusa ile kofia. Uso ukampauka. "Ni unyevu," alisema, na sauti yake haikuwa na unyevu hata kidogo.

Mtu mwenye mapenzi mapya akiona uso umepauka haoni hofu, anaona hatia. Fundi alimfuata Daktari wa meno, mwenye namba tatu, aliyekuwa akikunja tanga lake nje.

"Daktari, nani anatoka na namba nane katikati ya wiki?"

"Kaka, mashua ile hakuna anayeigusa. Hata sisi tulishangaa ulipokaa ndani yake."

"Kwa nini?"

Daktari aliacha kukunja. "Kwani hakukwambia?"

Akamwambia yeye. Namba nane ilikuwa ya marehemu mume wa Katibu. Miaka mitatu iliyopita alitoka asubuhi yenye ukungu, peke yake. Mashua ilirudi tanga likiwa juu, ikaja taratibu hadi mahali pake gatini, ikasimama. Ndani hapakuwa na mtu. Mwenyewe walimpata siku ya tatu.

Fundi alirudi boharini akitembea kama mtu aliyebeba kioo.

"Umenikalisha kwenye kiti cha marehemu."

"Ningekwambia, usingekaa."

"Haswa!"

"Ilibaki mashua moja tu isiyo na mtu."

"Na mimi nilikuwa mtu asiye na mashua. Niambie kweli. Mimi ni mchumba wako au ni wa nane?"

Swali la namna hiyo halingoji. Katibu alifikiri sekunde nne nzima, kwa sababu hakupenda uongo, na ukweli wenyewe ulikuwa vyote viwili. Sekunde ya tano ilimkuta anazungumza na mlango.

Wiki tatu hawakusemezana. Lifti za mji zilitengenezwa vizuri sana wiki hizo. Ijumaa ya mwisho simu ikalia.

"Kesho tunafunga msimu," Katibu alisema.

"Najua."

"Tuko saba."

"Hesabu naijua."

"Sikupigii kwa ajili ya hesabu."

"Unanipigia kwa ajili ya nini?"

Upande wa pili ilisikika sindano ikidunga tanga, mara moja, mara mbili.

"Sijui kulisema kwenye simu."

"Siku ukijua, niambie." Akakata. Kisha akajiita mpumbavu kwa sauti, akavitoa viatu vyake vya majini, akaviweka mlangoni ili asubuhi avikanyage hata akijisahau.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hadi majumba ya ghorofa yakaonekana nusu, kama yamekatwa kiunoni. Katibu alifika boharini na jaketi lake jekundu, macho yamevimba. Akatazama ubao. Msumari wa nane ulikuwa mtupu. Akakimbilia nje: turubai limekunjwa vizuri, na mashua haipo.

"Amekuja!" alisema peke yake. Akasukuma mashua yake majini na karibu asahau kupanda.

Mwenyekiti alisimama gatini, darubini machoni. "Tano," alihesabu. "Sita. Saba." Akangoja. Tanga moja likatoka polepole kwenye weupe, bila sauti ya maji. "Nane," alisema, na hakujua kwa nini alishusha sauti. Saa nne kamili akapiga honi.

Kwenye boya la pili Katibu alibaki peke yake na ukungu. Wengine aliwasikia tu, wakikohoa na kutukanana kirafiki mbali huko. Ndipo namba nane ikaja, ikimkabili moja kwa moja. Mtu wa jaketi la manjano, kofia imeshuka, uso umefichwa na tanga.

Sheria ya mchezo ni hii: mwenye upepo mkono wa kulia ana haki, mwenye upepo mkono wa kushoto anampisha. Katibu alikuwa na haki. Marehemu alijulikana kwa kutompisha mtu, haki awe nayo asiwe nayo. Hata mkewe alimgonga mara mbili na kumwambia ni bahati mbaya.

"Fundi!" Katibu alipaza sauti. "Mimi sikuita wa nane! Nilikuita wewe! Bohari na walichukue, mimi nakutaka wewe! Unasikia? Kama utanioa, nipishe!"

Namba nane ilizidi kuja. Hatua tano, nne, tatu. Baridi ilitangulia mbele yake, baridi ya maji ya chini. Halafu usukani ukageuka. Mashua ikainama, ikapita nyuma yake taratibu, na mkono wa jaketi la manjano ukainuliwa juu, ukakaa kidogo hewani, ukashuka.

Katibu alilia na kucheka kwa pamoja. Alijua ni Fundi, kwa sababu mwingine asingempisha.

Sasa twende upande wa pili wa mji, dakika ileile. Fundi yuko hospitalini, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, tumbo juu ya paa la lifti, taa kichwani. Aliitwa saa mbili. Ndani wamekwama muuguzi na mgonjwa kwenye kitanda cha magurudumu.

"Kaka, bado?" muuguzi anauliza.

"Bado kidogo, dada."

"Mbona unalia?"

"Ni grisi."

Alipowatoa, saa nne ilikwishapita. Alivua ovaroli, akavaa shati jeupe, akakodi pikipiki, akafika bwawani mbio. Alichelewa. Namba nane ilikuwa mahali pake gatini, tanga juu, inachuruzika. Ndani hapakuwa na mtu. Ndani ya bohari kibati cha nane kilining'inia msumarini, kikidondosha maji sakafuni, tone baada ya tone.

Fundi alihisi kitu kikitembea juu ya upara wake, na hakikuwa nzi.

"Namba nane!" Mwenyekiti aliita, karatasi mkononi. Alikuwa na safu saba zenye majina na moja tupu. "Nilihesabu nane kwa macho yangu. Bila sahihi ya mwenyewe siwezi kuandika nane. Nani alikuwa namba nane?"

Fundi aliitazama ile mashua. Akazitazama saba zilizokuwa zikirudi, na jaketi jekundu mbele yao.

"Mimi," alisema, akatia sahihi. Mwenyekiti alitaka sahihi, hakutaka maelezo; akaondoka akipuliza wino.

Katibu aliruka gatini kabla mashua haijasimama, amelowa kuanzia kichwani hadi soksi, anacheka kama msichana.

"Kumbe ulikuja!"

"Nilikuja."

"Na ulinipisha!"

"Nilikupisha," alisema Fundi, bila kujua alimpisha wapi.

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Ndiyo, mpenzi. Ndiyo."

"Ndiyo nini? Nataka uliseme kwa kinywa chako. Pale kwenye boya nilikuuliza nini?"

Fundi akakisia. "Uliniuliza... kama nimekusamehe."

Katibu aliacha kucheka. Akamwekea kiganja kifuani, akakiacha hapo kidogo, akakiondoa. Alama ya vidole vitano ikabaki kwenye shati jeupe. Hapo tu ndipo palipokuwa na maji katika mwili mzima wa mwanamume yule.

"Laazizi," alisema polepole, "mbona wewe umekauka?"