Famau Aliapa kwa Talaka Tatu

"Tatu, Famau? Moja haikukutosha?"

Famau hakuinua uso. Alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba yao pale Siyu, ngozi ya mbuzi mapajani, akishona kubadhi. Alikuwa fundi hodari, lakini leo sindano ilikuwa ikimchoma kidole kila mara.

"Nakuuliza weye! Nimeamka mke wa mtu, saa hii sijijui mimi ni nani."

"Ni mke wangu. Nikipanda mashua ya askari Ijumaa, utabaki mke wangu."

"Na usipopanda?"

Famau akavuta uzi.

"Sema! Ulisema mbele ya baraza zima, unaona haya kusema mbele yangu?"

"Nisipopanda, umeachika."

"Kwa tatu."

"Kwa tatu."

Mwanatumu akajipiga kifua. "Kwa sababu ya bakuli la uji!"

"Si uji, ni aliyepelekewa!" Famau akaitupa ngozi chini. "Jeilani alikuposa kabla yangu. Akenda vitani, ikaja habari kwamba amekufa, ndipo nikapewa mimi. Sasa amefufuka! Jana barazani wananicheka: 'Famau, uji wa mkeo una kungumanga, na kwako huutia?' Kungumanga, Mwanatumu! Mimi hunitilii hata iliki."

"Uji alipika mama. Jeilani ni mtoto wa dadake, amerudi na kuhara kusikokoma. Mimi nilipeleka tu."

"Mkatazamana mlangoni."

"Mtu akipokea bakuli atazame wapi, boritini?"

"Kila mwanamke wa mji huu ni Jeilani, Jeilani! Jeilani askari, Jeilani kapigana na Wadachi. Na mimi? Fundi viatu. Basi nami nitavaa tarbushi, nirudi, tuone utamtazama nani."

"Na usiporudi nitamtazama nani, mwendawazimu wee?"

Famau akaokota ngozi yake.

Ulikuwa mwaka 1917. Serikali ya Waingereza ilikuwa ikitafuta wanaume visiwani wa kupigana na Wajerumani, hao Wadachi, kama mtu atafutavyo kuni, haijali ni mti gani. Haikuja kuwaita yenyewe. Iliwatuma watu wetu. Huku Siyu ilimtuma Bwana Wazir, mtu laini wa ulimi, yuleyule aliyepita miaka ya nyuma kudai kodi kwa maneno matamu hayohayo. Siyu haijamsahau mpaka leo.

Siku hiyohiyo Bwana Wazir alimkuta Jeilani kisimani pa msikiti, anatawadha kwa taabu, mbavu zinahesabika.

"Jeilani, shujaa wetu! Kesho baada ya Alasiri, mbele ya ngome. Vaa koti lako la jeshi, uwaambie vijana vita ni kazi ya wanaume."

"Niwaambie na habari ya kuhara?"

"Hiyo iache."

"Na ya waliokufa?"

"Sema wamekufa mashujaa. Aa, bwana, nikufundishe kusema?" Wazir akasogea, akashusha sauti. "Famau naye anapanda mashua. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kijana mwororo yule. Kazoea kukaa kivulini na ngozi zake." Akatabasamu. "Nawe bado hujaoa, sivyo?"

Jeilani aliendelea kuosha mguu uleule mara nyingi kuliko inavyotakiwa.

Kutoka kisimani alipita kwa mama yake mdogo, Bi Rahima, kumrudishia bakuli. Kumbe Mwanatumu yuko humo, kamkimbilia mamake. Hakutoka. Alisema akiwa nyuma ya pazia, na mama yake ameketi katikati yao kama ukuta.

"Jeilani, kesho utasema nini?"

"Nitakaloambiwa."

"Mama anasema ukilala mchana unapiga makelele. Unamwomba mtu msamaha. Ni nani?"

"Muache, mwanangu," Bi Rahima akasema.

"Simuachi! Famau yuaenda kufa kwa ujinga wake, na mtu pekee anayeijua ile nti ya vita ni huyu. Ukinyamaza, Jeilani, umemuua kwa mkono wako."

Jeilani akacheka, na kicheko kikamgeuka kikohozi. "Unamlilia! Mimi ulinililia, Mwanatumu? Nilikuwa natembea na kiu mpaka ulimi unakuwa gome, najipa moyo: Siyu kuna mtu ananingoja. Narudi, nakuta mtu yuko kwa fundi viatu."

"Niliambiwa umekufa! Nililia mpaka nikaona haya kwa watu. Kisha nikaolewa na mtu mwema mwenye wivu wa kitoto, na nampenda. Ndilo ulilotaka kusikia? Nampenda."

Bi Rahima akajifanya anatafuta kitu kapuni.

"Nikisema kweli," Jeilani akasema taratibu, "atabaki, nawe utakuwa umeachika kwa tatu. Watu watasema nimekupokonya."

"Watasema. Weye sema."

Alhamisi baada ya Alasiri, uwanja wa ngome ulijaa. Wanawake walisimama upenuni, wamejifunika. Bwana Wazir alisema kwanza, akasema sana, kisha akamsogeza Jeilani mbele kama mtu anayetoa bidhaa.

"Msikilizeni shujaa!"

Jeilani alivua lile koti, akalinyanyua juu, watu wakaona mwanga ukipenya upande wa pili.

"Waliniambia nitapewa koti. Nikapewa. Mwenyewe wa kwanza alifia ndani yake, hili hapa tundu ilikotokea roho."

"Jeilani!" Wazir akanong'ona.

"Waliniambia shujaa haogopi. Wadachi wana bombom, mzinga unaotema risasi kama mvua ya masika. Haumuulizi mtu kama ni shujaa. Mwenzangu mmoja, mtu wa Faza, alipigwa tumboni. Alimwita mamake tangu adhuhuri mpaka jua likatua, na hatukuthubutu kumfuata. Wengine hawakuona hata bombom. Walikufa kwa kuhara, ndiani, mizigo ikiwa kichwani. Hatukuwaosha. Hatukuwa na sanda. Tuliwafunika majani, tukapita."

"Inatosha!" Wazir akapaza sauti.

"Haijatosha! Alfajiri moja, ng'ambo ya mto, tukasikia adhana. Tukafurahi, tukadhani ni wetu. Walikuwa ni askari wa Wadachi. Tukasali, wao kule, sisi huku, kibla kimoja. Tulipotoa salamu tukaanza kuuana. Nilimpiga mmoja. Nilipomfikia alikuwa hai bado, akaniambia, kwa Kiswahili hikihiki chetu, 'Ndugu yangu, nipe maji.'"

Akalishusha lile koti.

"Sikuwa na maji. Huyo ndiye ninayemwomba msamaha nikilala. Haya, anayetaka kwenda na aende, lakini asiende akidhani anakwenda kutazamwa na wanawake."

Hapo Famau akapenya katikati ya watu, macho mekundu.

"Muongo! Yuataka nibaki ili mke wangu aachike, amchukue yeye! Jamaa, hamuoni? Anamtaka Mwanatumu!"

"Namtaka," Jeilani akasema.

Wanawake upenuni wakasogea mbele.

"Namtaka tangu kabla yako. Lakini tumia akili, Famau. Kama ningetaka kumpata kwa hila, ningenyamaza. Ungepanda mashua kesho, ungefukiwa na majani, nami ningemuoa mjane na hakuna ambaye angeniita mwizi. Ulimi wangu umenitia hasara."



Mwalimu Muhdhar, aliyesomesha nusu ya wanaume waliokuwapo, akakohoa. "Famau, mjinga wangu. Kiapo umekiapa, lakini kinamwangukia mke. Ijumaa ikikukuta huna mke, kitamwangukia nani?"

"Sielewi, Mwalimu."

"Khului. Mwanatumu akurudishie mahari yako ajivue, nawe ukubali. Ndoa imevunjika leo, talaka moja tu. Kesho mashua itaondoka, kiapo kitapita hewani. Kisha utamposa upya."

Uso wa Famau ukang'aa, kisha ukazimika. "Na asiponikubali hiyo mara ya pili?"

"Basi hutakuwa naye. Atakuwa huru, hakuna wa kumlazimisha."

"Na huyu hapa," Famau akamwonyesha Jeilani kwa kidole kilichojaa matundu ya sindano, "yuko nyumba ya tatu kutoka kwetu!"

"Ndivyo. Chagua, mwanangu. Mashua, au kumwamini mkeo."

Wivu ni kitu cha ajabu. Mtu alikuwa tayari kwenda kufa, lakini neno moja la kumwamini mkewe lilimshinda kutamka. Vijana wenzake walimtazama, nao walikuwa wanachagua pamoja naye.

Vikuku vya fedha vikaanguka mchangani mbele ya miguu yake.

"Mahari yako hiyo!" Sauti ilitoka upenuni. "Najivua kwayo. Kubali, Famau, au panda mashua yako."

Famau akaviinamia, akaviokota kimoja kimoja.

"Nimekubali," akasema, na sauti yake ikapasuka katikati.

Ijumaa mashua iliondoka na watu wachache kuliko Bwana Wazir alivyoahidi, naye akaondoka nayo kwenda Lamu kujieleza. Famau alikaa kizingitini peke yake, akichungulia njia. Alituma posa Jumamosi. Akajibiwa, "Nafikiri." Akatuma tena. "Bado nafikiri." Alikonda mpaka wenzake wa barazani wakaacha mzaha wa kungumanga. Mwezi ulipoandama ndipo Mwanatumu alipomwita kwao, akamjibu nyuma ya pazia lilelile.

"Nakubali. Mahari yangu ni jozi ya makubadhi, uyashone mwenyewe, imara."

"Makubadhi tu?"

"Nitayaweka mlangoni. Siku utakayoapa tena kwa talaka yangu, ya kweli au ya mzaha, nitayavaa nitoke, nawe utabaki na wivu wako uupikie uji."

"Wallahi siapi..."

"Umeanza?"

Nyumba nzima ikacheka, Famau naye.

Siku ya nikaha, walii wa Mwanatumu alikuwapo na shahidi mmoja, wa pili hajafika. Mwalimu Muhdhar akatazama huku na huku. Jeilani akainuka pembeni, akaja akaketi. Alisikiliza kila neno la ijabu na kabuli, la kuozesha na la kukubali, taya zimekazana, na alipoulizwa akashuhudia kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wanawake.

Baadaye Famau alimfuata nje.

"Jeilani. Sasa weye umepata nini?"

Jeilani alikuwa akivaa viatu. Hakumtazama.

"Nimepata mtu aliye hai wa kumwonea wivu," akasema. "Wote niliokuwa nikiwaonea wivu zamani niliwafunika majani. Nenda kwa mkeo, Famau, kabla sijabadili moyo."