Na Huyu wa Kushoto Ni Nani?

Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa pili, saa tisa na robo alasiri. Nilikuwa kwenye cherehani nikishona pindo la sketi ya shule, na binti yangu ameketi sakafuni, mgongo kauegemeza kabatini, simu mkononi. Ilikuwa siku kama siku nyingine. Nguo zilikuwa kwenye kamba, na mume wangu amejilaza chumbani.

Binti yangu ni mwalimu, lakini ugonjwa wake ni muziki wa zamani. Ana ukurasa wake mtandaoni wa kukusanya habari za bendi ambazo hazikuandikwa popote. Hununua santuri kwa wauza vitu chakavu, huzisafisha kwa maji ya sabuni, huzirekodi, kisha huwauliza watu: nani alipiga, nani aliimba, wako wapi sasa. Hujibiwa hata na watu walio ng'ambo.

Siku hiyo aliweka ukurasani picha niliyomtolea mwenyewe kutoka kwenye sanduku langu. Wanaume watatu na mwanamke mmoja. Mwenye tarumbeta ni kiongozi wa bendi, walimwita Bwana Mkubwa. Mwenye ngoma walimwita Radi. Wa kushoto, aliyeliinamia gitaa hata uso hauonekani vizuri, ni mume wangu. Mwanamke ni dada yangu, kifungua mimba wa mama yetu. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji.

Dada alipotea miaka arobaini na moja iliyopita. Bendi ilikwenda kurekodi ikarudi bila yeye. Wakasema amevuka mpaka na mwanamume wa bendi nyingine. Baba akakataza asitajwe nyumbani. Mama alimsubiri mpaka akaingia kaburini; gari likipunguza mwendo tu barabarani, yeye huyo, anajifunga kitambaa kichwani anatoka nje. Mimi niliolewa na mpiga gitaa kwa sababu katika bendi nzima ndiye pekee aliyekuja kumpa mama pole.

"Labda mama mkubwa yu hai," binti yangu alisema. "Mtandao huu umewaibua wengi."

"Baba yako anasemaje?"

"Kaniomba nisimtaje yeye. Eti mzee wa ibada hatajwi kwenye mambo ya dansi. Ana haya kama bi harusi." Akacheka.

Hapo hapo mtu mmoja akaandika chini ya picha. Hakuwa na sura wala jina la mtu, alijiita Msikilizaji. Aliuliza: "Huyu mwenye tarumbeta ni nani?" Binti yangu akamjibu, jina kamili.

Alhamisi tukasikia Bwana Mkubwa amefariki. Alikuwa ameketi kando ya uwanja wa mpira akitazama mazoezi. Waliokuwa naye walisema alianza kutweta, akajishika koo, akasema, "Fungueni." Hapakuwa na kitu cha kufungua.

Jumamosi, saa tisa na robo, Msikilizaji akauliza tena. "Huyu mwenye ngoma ni nani?" Binti yangu akajibu, maana ndiyo kazi ya ukurasa ule. Jumatatu Radi alikuwa juu ya paa akipigilia bati, upepo unavuma hata wakamshauri ashuke. Akasema neno lile lile, akakata roho. Mkewe aliyekuwa ameshika ngazi alilisikia.

Kesho yake: "Na huyu wa kushoto ni nani?"

Binti yangu hakujibu. Swali likaja tena siku ya pili. Na ya tatu. Saa ile ile.

Nilimpelekea mume wangu simu chumbani. Alisoma, akavua miwani. Akaniomba nifunge mlango. Kisha akasema hapana, uache wazi.

"Mama watoto," alinong'ona. "Msinitaje."

"Kuna nini?"

Alinieleza akiangalia sakafu. Nyimbo zote zilikuwa za dada, alizitunga yeye. Siku ile ya kurekodi aliiona karatasi ya kubandikwa kwenye santuri, imeandikwa mtunzi ni Bwana Mkubwa. Akasema haimbi tena, na kila mtu atajua. Fundi wa mitambo alikuwa keshaondoka, amewaachia ufunguo. Chumba cha kuimbia kilikuwa kidogo, kuta zimezibwa kwa magodoro ili sauti isitoke. Wakamfungia humo apoe hasira, wakaenda kupiga kwenye harusi. Dada alikuwa na pumu.

"Tulirudi asubuhi," alisema.

"Nani alifunga mlango?"

Akaikunja miwani yake.

"Baba watoto. Nani alifunga?"

"Mimi. Nilimsikia akigonga. Kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji. Nikasema ni hasira tu."

"Mkamzika wapi?"

"Nyuma ya studio. Siku hizi pamejengwa ghorofa."

Nilikaa kitandani. Mtu huyu alimshika mama yangu mkono akiwa mahututi, akamwambia, atarudi tu, mama, usijali. Alikula mezani kwake.

"Kila siku nilisali arudi," nilimwambia. "Ukiwa kando yangu. Ulikuwa unaitikia amina."

Akalia. Akanishika miguu. Mimi ni mtu wa ibada, najua tumeambiwa nini juu ya kisasi. Najua vizuri. Nilimwambia aende barazani akapunge hewa.

Saa tisa na robo swali likaja. Simu ilikuwa mezani. Naandika kwa kidole kimoja, polepole. Niliandika jina lake, la baba yake na la babu yake. Nikasoma tena nisije nikakosea. Nikatuma.

Siku mbili. Nilimpikia. Nilimpigia pasi shati. Binti yangu alinifundisha zamani jinsi ya kufuta maneno. Ni kubonyeza mara mbili tu. Sikufuta.

Siku ya pili alikuwa kwenye kiti chake barazani. Nilikuwa kwenye cherehani. Nikasikia kutweta. Kisha sauti yake.

"Fungua."

Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali. Sikuinuka.

"Fungua, mke wangu."

Nikamaliza mshono.

Hospitalini, daktari aliniita pembeni. Alikuwa na adabu, aliongea chini chini.

"Samahani, mama. Mzee alikuwa amefungiwa wapi?"

"Alikuwa barazani, daktari. Pako wazi pande tatu."

Alifunua shuka, akaugeuza mkono wa mume wangu. Kucha zilikuwa zimevunjika, mbili zimeng'oka kabisa. Chini ya zile zilizobaki palikuwa na vipande vya sponji ya godoro, ya manjano, iliyozeeka hata ikawa inamung'unyika kama unga. Akakitoa kimoja kwa kibano, akaniuliza kama nakitambua.

Nikasema hapana.

Watu wanakuja nyumbani kumwombea marehemu mume wangu. Nawapa viti. Mimi nina sala yangu.

Ee Mungu, kwa miaka arobaini na moja nilikuomba umrudishe dada yangu kwa miguu yake, kumbe sikujua cha kuomba. Leo najua. Mpokee. Mweke mahali papana, penye upepo, pasipo na mlango. Na huyu mwingine, nisubiri, Bwana, bado sijaweza. Amina.