Maji ya Ziwa Jingine

Maiti ilionekana saa moja na robo asubuhi, Jumapili ya tatu ya Septemba 2011. Ilikuwa imelala kifudifudi katikati ya mawe ya ufukwe wa Etobicoke, miguu ikipigwa na mawimbi madogo ya Ziwa Ontario. Mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi ndiye aliyewapigia simu polisi.

Inspekta Zelia Pinto alipofika, Sajini Alistair Crowe alikuwa ameshafikia uamuzi. Kando ya marehemu kulikuwa na fimbo ya kuvulia samaki na kisanduku cha barafu. Ndani ya mfuko wa koti lake kulikuwa na chupa ya vodka, nusu tupu.

"Alikunywa, akateleza, akazama," Alistair alisema. "Kila vuli tunaokota mmoja."

Zelia alivaa glovu, akachuchumaa, akafunua koti na shati la marehemu mgongoni. Ngozi yote ya mgongo ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Alibonyeza kwa kidole. Rangi haikubadilika.

"Mtu akifa, damu hutulia upande wa chini," alisema. "Huyu amelala kifudifudi, lakini damu imetulia mgongoni. Alilala chali kwa saa nyingi, halafu akaletwa hapa."

Alistair aliitazama ile rangi, kisha akaitazama fomu aliyokuwa ameanza kuijaza. Alikuwa ameshaandika neno "mlevi".

Pochi ya marehemu ilikuwa na kitambulisho. Tomasi Rwegoshora, miaka arobaini na sita, mkazi wa Flemingdon Park.

Zelia alikwenda mwenyewe kupeleka habari. Alizaliwa Nairobi katika familia ya Wagoa, akaja Kanada akiwa na miaka kumi na mmoja, na Kiswahili chake alikuwa amekihifadhi. Siku kama hiyo alitamani angekuwa hakijui, maana msiba ukitamkwa kwa lugha ya nyumbani huwa mzito zaidi.

Leokadia, mke wa Tomasi, ndio kwanza alikuwa ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alisikiliza akiwa amesimama, sare bado mwilini. Binti yao Brightness, mwenye miaka kumi na sita, alikaa karibu na dirisha akiulizauliza kwa Kiingereza maswali ambayo hakuna aliyeweza kuyajibu. Leokadia hakulia, hata Zelia alipoitaja ile chupa. Alikasirika.

"Umesema chupa?"

"Ilikuwa kwenye koti lake, Mama Brightness."

"Tomasi ana vidonda vya tumbo tangu tuko Bukoba. Hata togwa haimkai. Mmeona mtu mweusi na chupa, mkafunga daftari."

"Mimi sijafunga," Zelia alisema.

Leokadia alimtazama kana kwamba anapima kama maneno hayo yana chochote ndani yake. Kisha akaomba kuona vitu vya mumewe. Zelia alimpa orodha. Leokadia aliisoma mara mbili na kuuliza miwani iko wapi. Bila miwani, alisema, Tomasi asingeweza hata kufunga ndoano kwenye mshipi.

Miwani haikuwapo kwenye orodha wala kwenye mawe.

Kuhusu Jumamosi, Leokadia alijua machache. Siku hiyo alitoka mapema kwenda kwenye semina ya kazini, na kutoka huko akaunganisha zamu; Brightness naye alilala kwa rafiki yake. Tomasi alimwambia anakwenda kuvua, naye akadhani ni palepale kwenye mawe ya Etobicoke, alikozoea kwenda kwa basi. Gari hawakuwa nalo.

Jumatatu mchana matokeo ya uchunguzi wa maiti yakatoka. Daktari alisema Tomasi alikufa kwa kuzama, Jumamosi alasiri. Katika damu yake hapakuwa na pombe hata tone. Na maji yaliyokuwa kwenye mapafu yalijaa mimea midogo mno, ya kuonekana kwa hadubini tu, ambayo huota kwenye maji ya kina kifupi, yenye vuguvugu na magugu. Maji ya baridi ya ufukwe wa Etobicoke hayana mimea ya namna hiyo.

Zelia akaagiza kile kisanduku cha barafu kifunguliwe. Ndani yake kulikuwa na samaki wanne wa aina ya wolai, wenye macho meupe kama vioo, pamoja na samaki wadogo bapa kumi na wawili, wale ambao Leokadia huwaita sato wa Kanada na kuwakaanga wazima. Mtaalamu wa samaki alimwonyesha vidoa vyeusi kwenye ngozi ya wale wadogo. Ni vimelea, alieleza, vinavyotoka kwa konokono wa maziwa yenye magugu. Chini kabisa, chini ya barafu, kulikuwa na kikopo cha minyoo ya chambo chenye lebo ya duka moja la eneo la Kawartha, mwendo wa karibu saa mbili kutoka mjini.

Zelia alihisi hasira ikimpanda taratibu. Kama wangemsikiliza Alistair, samaki hao wangekuwa wameshatupwa, na Tomasi angezikwa kama mlevi.

Jumanne asubuhi aliwaarifu polisi wa jimbo, akaendesha gari hadi Kawartha. Miti ya kando ya ziwa ilikuwa imeanza kuwa myekundu. Mwenye duka la chambo alikuwa mzee wa Kihindi aitwaye Dawood, aliyezaliwa Mwanza na kukaa Kanada miaka thelathini na tisa. Alipoonyeshwa picha, alimtambua Tomasi mara moja. Alisema alifurahi kusikia Kiswahili dukani kwake, na kwamba Tomasi alikaa pale nusu saa akiuliza wolai wanakaa kina gani wakati maji yanapoanza kupoa.

Tomasi hakuwa peke yake. Mwenzake, mtu mnene mwenye lori dogo la kijani lililokuwa likivuta boti, hakuingia dukani. Alisimama mlangoni akimharakisha.

"Kuna neno lolote ulilosikia?" Zelia aliuliza.

"Yule mnene alimwambia, ukishasema Jumatatu hutaweza kuyarudisha maneno. Huyu akamjibu, sitaki kuyarudisha."

Zelia alisimama nje ya duka akampigia simu Leokadia. Alimuuliza Tomasi alikuwa na shughuli gani Jumatatu. Leokadia alisema alikuwa akutane na wakaguzi wa Wizara ya Kazi. Kiwandani kwao, Downsview, msichana anayeitwa Tahera alikuwa amekatwa vidole vinne na mashine mwezi wa nane. Kiwanda kilidai aliiondoa kinga mwenyewe, kile chuma kinachozuia mkono usifike kwenye kisu. Tomasi, fundi mitambo, alijua si kweli.

"Na nani pale kiwandani ana lori la kijani na boti?"

"Polycarp," Leokadia alisema. "Msimamizi wao. Baba wa ubatizo wa Brightness." Sauti yake ikabadilika. "Yuko hapa, Inspekta. Tangu juzi yuko hapa na wafiwa. Yeye ndiye anayepanga mazishi."

Zelia alimwambia asimwonyeshe dalili yoyote. Leokadia alijibu kwamba hilo haliahidi, lakini atajaribu. Alirudi sebuleni, akamwongezea Polycarp chai. Baadaye alisema hakuna kazi ngumu aliyowahi kufanya duniani kuliko kuishika ile birika bila kummwagia usoni.

Polisi walimkuta Polycarp akiandika ratiba ya ibada. Hakubisha. Wakati huohuo, kwa kibali cha hakimu, Alistair na wenzake waliipekua boti yake iliyoegeshwa nyuma ya nyumba huko Rexdale. Ilikuwa imeoshwa kwa sabuni. Lakini kwenye magurudumu ya trela lake magugu ya ziwa yalikuwa bado yamenasa, mabichi. Na chini ya ubao wa sakafu, Alistair mwenyewe alipapasa akatoa miwani iliyovunjika mguu mmoja.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti vitatu. Polycarp alikubali kuzungumza bila wakili. Zelia alimhoji kwa Kiingereza kwanza, kwa ajili ya rekodi. Polycarp akaomba waendelee kwa Kiswahili. Zelia alikubali. Mkalimani alikaa chumba cha pili, akimfasiria Alistair kila neno.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Boti yako?"

"Haijatoka tangu mwezi wa nane."

Zelia aliweka mezani picha ya magugu. Akaweka picha ya kikopo cha chambo. Mwisho akaitoa miwani yenyewe, ndani ya mfuko wa ushahidi, akaisogeza mpaka ikamgusa kidole.

"Mzee wa dukani anakukumbuka," alisema. "Na mimi nimechoka. Nieleze."

Polycarp aliitazama miwani. Mabega yake yakalegea.

Alieleza kwa sauti ya chini. Mwezi wa tano, meneja alitaka mashine ya kukatia iende haraka zaidi. Kinga ilikuwa inaichelewesha. Polycarp aliiondoa kwa mikono yake, na kila Ijumaa akaweka sahihi kwenye fomu kwamba kinga ipo mahali pake. Tomasi alimwona, akamwonya mara mbili. Tahera alipoumia, meneja alimwambia Polycarp kwamba sahihi ni yake, na kama kuna mtu wa kwenda jela ni yeye.

"Kwa hiyo mkasema ni msichana."

"Ndiyo."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

Alimchukua Tomasi kwenda kuvua ili amsihi. Walivua vizuri sana siku ile, alisema, wolai wanne kabla ya saa saba, na Tomasi alikuwa akicheka. Ilipofika saa tisa Polycarp akaanza kumwomba. Alimkumbusha nani alimpokea uwanja wa ndege, nani alimtafutia kazi, nani alimshika Brightness kwenye maji ya ubatizo. Tomasi alisema yote hayo anayakumbuka, na bado hawezi kumwita yule binti mwongo.

"Nikamshika kola. Akataka kujinasua. Miwani ikaanguka, na yeye akaanguka majini."

"Jaketi la kuokolea?"

"Alikuwa amelivua avute nanga."

"Alijua kuogelea?"

"Hapana."

"Wewe ulijua hajui?"

"Nilijua."

Zelia aliuliza swali lililofuata polepole. "Ukafanya nini?"

"Nikawasha injini. Nikasogea kidogo, kama hatua thelathini. Nikazima."

"Halafu?"

"Nikasubiri."

Mkono wa Zelia ulikuwa juu ya meza, naye aliutazama kama mkono wa mtu mwingine, akiuamuru ukae palepale.

"Alisema nini?" aliuliza.

"Aliniita. Baba Evans, kwa jina la mwanangu. Mara tatu."

"Jaketi lilikuwa wapi?"

Polycarp alifunika uso. "Nilikuwa nimelikalia."

Mengine aliyasema haraka, kana kwamba anaharakia kutoka. Alimvuta kwa kamba, akamlaza chali ndani ya boti, akamfunika kwa turubai. Alfajiri akamshusha Etobicoke kwa sababu kila mtu alijua Tomasi huvua pale. Alinunua chupa, akamwaga nusu, akaitia kwenye koti.

"Kwa nini chupa?"

Kwa mara ya kwanza Polycarp alimtazama machoni, na hakukuwa na kejeli katika jibu lake.

"Nilijua mtaamini."

Mkalimani alilifasiri neno hilo. Alistair aliyekuwa nyuma ya kioo aliondoka chumbani, na Zelia alipomkuta korido hakumwambia lolote la kumtuliza.

Jioni hiyo alikwenda Flemingdon Park. Wafiwa walikuwa wametoka, Leokadia amewaomba waende. Zelia alimweleza yote bila kupunguza, kwa kuwa mwanamke huyo alikuwa ametaka hivyo. Kwenye ile habari ya kusubiri, Leokadia aliinua kiganja akamwomba arudie. Zelia akarudia.

"Huyu mtu amekula wali wangu siku mbili," Leokadia alisema. "Amemshika mwanangu kichwa akamwambia alie tu. Sijui nitamwambiaje Brightness."

Brightness alikuwa amesimama mlango wa chumbani. Alikuwa amesikia yote, na alikuwa ameelewa yote. Alimjibu mama yake kwa Kiswahili, kwa lafudhi yake ya Toronto, kwamba hana haja ya kumwambia.

Miezi kadhaa baadaye Polycarp alikiri kosa mahakamani, akahukumiwa kifungo cha maisha. Meneja aliapa kwamba hakuwahi kumwagiza mtu aondoe kinga, na hapakuwa na karatasi ya kumpinga. Lakini maelezo ya Polycarp yalitosha kumwondolea Tahera lile neno la uongo walilomtwika, naye wiki ileile ya mahojiano alikwenda kwenye mazishi ya Tomasi, mkono wake umefungwa bandeji nyeupe, akasimama na familia mbele kabisa.

Siku hiyohiyo ya mazishi Zelia alipita kiwandani Downsview kuchukua zile fomu zenye sahihi. Mashine ya kukatia ilikuwa ikifanya kazi. Kinga ilikuwa imerudishwa, mpya, imepakwa rangi ya manjano. Alimuuliza fundi aliyekuwa pale kazi ya kuifunga ilichukua muda gani.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akafikiri.

"Ni boliti nne tu," alisema. "Dakika kumi."