Madoa Meusi Mikononi mwa Limi

Limi aliishi Rwamgasa na mumewe, Benjamini, na binti yao, Juliana. Benjamini alifanya kazi kwenye karasha, akisaga mawe ya dhahabu. Limi alikuwa muuza mchele, lakini mwaka huo hakwenda sokoni. Alikuwa na saratani ya matiti, na ilikuwa imesambaa hadi kwenye mifupa. Mara kwa mara alikwenda Mwanza kutundikiwa dripu ya dawa za saratani.

Siku moja madoa meusi yalimtokea mikononi na mapajani. Majirani wakanong'ona: "Benjamini anampiga mgonjwa."

Maneno yakafika Kahama kwa Makoye, kaka yake Limi. Makoye akaja. Hakusalimia mtu.

"Limi, funga nguo zako. Twende nyumbani."

"Kaka, Baba Juliana hajanigusa."

"Na haya madoa?"

"Sijui. Naamka, nayakuta."

"Unamficha!" Makoye akamgeukia Benjamini. "Shemeji, tulikupa mke, hatukukupa ngoma."

Benjamini alikuwa akimtazama mkewe. Damu ilikuwa ikimtoka Limi puani.

"Mlaze chali!" Makoye akapiga kelele.

Benjamini akakimbia kwa jirani yao Agnetha, muuguzi wa zahanati. Agnetha akaja mbio.

"Asilale! Akae, ainame mbele kidogo. Mama Juliana, bana pua hapa kwenye nyama laini. Usiachie. Pumua kwa mdomo."

Damu ilipungua, lakini haikukata.

"Tafuteni gari, twende hospitali sasa hivi," Agnetha alisema. "Na wewe, Mama Juliana, umemeza dawa yoyote ya maumivu?"

"Diklofenaki, ya dukani. Mifupa iliniuma sana."

"Pole, mama. Hiyo huzidisha kutoka damu. Hata aspirini ni hivyo hivyo. Usinunue dawa kabla ya kumuuliza daktari wako."

Ndani ya gari Makoye aliuliza, "Muuguzi, nani amempiga dada yangu?"

"Hakuna aliyempiga. Kwenye damu kuna chembe sahani. Ndizo huziba jeraha mtu anapoumia. Dawa za saratani huzipunguza. Zikiwa chache, kugongwa kidogo tu huacha doa, na damu haikati upesi."

Makoye aliinamisha kichwa. "Shemeji, nisamehe."

"Tumuuguze kwanza," Benjamini alisema.

Hospitalini walipima damu. Chembe sahani zilikuwa chache mno. Limi akaongezewa chembe zilizotolewa na watu wengine, na daktari akaahirisha dawa za saratani mpaka chembe hizo zipande.

"Chembe hizi hazikai siku nyingi," daktari alieleza. "Tunahitaji wachangiaji kila mara."

Makoye akakunja shati. "Nianze mimi."

Nyumbani Limi alipewa mswaki laini, fizi zisitoke damu. Alivaa viatu hata uani, na akaacha kushika kisu, asije akajikata. Wote walijua: akipata choo cheusi, mkojo wa damu, homa au kichwa kuuma sana, hawangojei kesho, wanakwenda hospitali.

Baada ya muda chembe sahani zilipanda, na matibabu yakaendelea. Saratani haikuondoka. Lakini Limi alipata nguvu ya kutoka nje.

Benjamini alitembea nyuma yake, mikono mgongoni.

"Mbona hunishiki?"

"Naogopa nitakuumiza."

Agnetha, aliyekuwa akipita, akacheka. "Mshike, Baba Juliana. Taratibu tu."

Benjamini akamshika mkono. Wakaenda hivyo hadi barabarani, watu wakiwatazama.