Mstari Ulionyooka Mno

Kitu kilikuwa kimeibwa kwenye tangi la chuma, na mlinzi mzee wa maabara alikuwa amefungwa pingu. Kesi nyepesi, mtu angesema. Basi kwa nini Inspekta alikuwa haelewi kitu?

"Nieleze tena," alimwambia mkurugenzi. "Taratibu, nina kichwa kigumu."

"Mle ndani mlikuwa na vihisio viwili, havina waya wala betri. Cha zamani kinapima presha ya gesi. Kipya tulikuwa tunakijaribu, na ndicho kilichoibwa. Pampu inanyonya hewa, presha inashuka. Antena inauliza kutoka nje ya kioo cha tangi, kihisio kinajibu, kompyuta inaandika kila dakika tano. Mtu akifungua mlango, presha inapanda."

"Na haikupanda."

"Asubuhi nzima. Saa saba fundi akazima mitambo, tukaenda kula. Aliyebaki na funguo ni huyu mzee."

Fundi, mpwa wa mlinzi, alikuwa kando ya rafu ya chupa, macho chini. Maskini, ni aibu ya mjomba, Inspekta aliwaza.

Aliinamia kompyuta. Mstari wa jana ulikuwa na meno kama msumeno. Wa leo pia, mpaka saa tatu na dakika kumi. Baada ya hapo ulinyooka. Sasa haya nayo ni mambo gani?

"Haya meno ni ya nini?"

"Mpira wa mlango umechakaa. Hewa inapenya, pampu inavuta tena."

"Leo saa tatu mpira ulipona?"

Kuanzia saa tatu kihisio kilikuwa ndani ya kitu kisichovuja, si tangini. Inspekta akamgeukia fundi, mwendesha mitambo, pale kwenye chupa.

"Chupa ipi?"

Fundi aliionyesha kwa kidole. "Kompyuta ilipomaliza kuandika nilifungua tangi, nikakitia humo kile cha zamani, nikanyonya hewa haraka, nikaiweka mbele ya antena. Ndipo nikachukua kipya; tangi lenyewe lingechelewa kushusha presha. Saa saba nikakirudisha."

"Chupa yako haivuji hata chembe. Ndiyo iliyokuchoma."

"Sijui kufunga vibaya, afande." Alikitoa kihisio kipya mfukoni. "Hiki nimekibuni mimi, miaka mitatu. Kesho kingeonyeshwa kwa jina la mkurugenzi."

"Na mjomba wako afungwe?"

"Zamu haikuwa yake. Alibadilishana leo na mlinzi mwenzake. Nilipomwona na pingu, nikaogopa kusema."

Pingu zilihama mikono. Mzee alijisugua vifundo, akamgeukia mpwa wake.

"Saa nzima najiuliza nilisinzia wapi," alisema. "Nilishaanza kuamini ni mimi."