Jiwe la Tor Chini ya Mto

Sunniva alikuwa akitandika kitanda cha binti yake, Tiril. Alipoinua mto akakuta jiwe jeusi. Lilikuwa dogo kama yai, lakini zito ajabu.

"Tiril! Hili nalo limetoka wapi?"

"Kanipa bibi," Tiril akajibu kutoka jikoni, mdomo umejaa mkate na jibini. "Linazuia radi. Nalala nalo tangu majira ya baridi."

Sunniva hakushangaa. Mama yake, Gunnvor, aliyeishi nao, alizaliwa hapa hapa Brevik, mji mdogo wa pwani, na wazee wa pande hizi waliweka mawe ya radi majumbani. Waliamini kwamba Tor, mungu wa radi wa watu wa kale, hapigi nyumba yenye jiwe lake. Na Tiril aliogopa radi kupita kiasi. Mbingu zikinguruma tu, alijificha kabatini.

Lakini shuka lilikuwa na vumbi jeusi, na vumbi hilo likamtia Sunniva wasiwasi. Jirani yao Halldis, mtaalamu wa miamba, alipokuja kunywa kahawa, Sunniva akamwonyesha jiwe la mama yake.

Halldis kuliona tu, akaweka kikombe chini. Alikwenda kwake mbio, akarudi na kifaa cha kupimia mionzi. Kilipokaribia jiwe kikaanza kulia ta-ta-ta-ta, kama bisi kwenye sufuria.

"Shoga, umelitoa wapi?" Halldis akamuuliza Gunnvor, aliyeketi nao mezani.

"Marehemu mume wangu alilileta kutoka kile kisiwa cha hapa karibu. Aliambiwa ni jiwe la Tor. Kwani kosa langu nini? Kumlinda mjukuu wangu?"

"Hakudanganywa. Karibu miaka mia mbili iliyopita, mchungaji mmoja wa kanisa aliokota jiwe kama hili kisiwani. Likamfikia mkemia wa Uswidi. Akakuta ndani yake metali isiyojulikana, akaiita thori, kwa jina la Tor."

"Si nilisema!" Gunnvor akamtupia binti yake jicho la ushindi.

"Ngoja basi, shoga. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba thori hutoa mionzi. Huioni, hainuki, wala huihisi. Jina la Tor halizuii radi, wala halizuii mionzi."

Sunniva akamkumbatia Tiril. "Mwanangu amelala nalo miezi yote hiyo! Ataumwa?"

"Tulia. Kulishika mara moja si kitu. Ubaya ni kukaa nalo karibu muda mrefu, na zaidi kuvuta au kumeza vumbi lake. Kwa hiyo liondoke leo. Msifagie, futeni kwa kitambaa chenye maji. Fueni shuka na foronya, kisha naweni mikono kwa sabuni. Jiwe nitawapelekea wenzangu wanaojua kulihifadhi."

Tiril akamvuta Halldis mkono. "Na radi ikija?"

Halldis akatoa spana mfukoni. "Soma hapa."

"Va-na-di."

"Hiyo nayo ni metali. Huimarisha chuma. Ina michanganyiko ya rangi za kupendeza, ndiyo maana ikapewa jina la Vanadis. Unamjua?"

"Ndiye Freya kwa jina lingine! Mungu wa uzuri wa watu wa kale!" Tiril akaruka. "Na hii inazuia radi?"

"Haizuii, sikudanganyi. Radi ikija kaa ndani, mbali na mabomba na nyaya."

"Sasa spana ya nini?"

"Ni yako, ukazie baiskeli yako. Inapiga kelele mtaa mzima!"

Wote wakacheka, ila Gunnvor. Yeye alikuwa akiliangalia jiwe likifungwa kwenye mfuko.

Julai, alasiri moja, radi ikaja. Madirisha yakatetemeka. Sunniva akakimbilia chumbani kwa Tiril, akamkuta ameketi kitandani akikaza kengele ya baiskeli kwa spana yake. Lakini mlango wa kabati ulikuwa umefungwa, na ndani mtu alikohoa.

Tiril akaufungua. Bibi yake alikuwa amejikunyata kati ya makoti.

"Bibi! Kumbe na wewe unaogopa?"

"Tangu utotoni," Gunnvor akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa na jiwe hilo moja tu, nikakupa wewe."

Tiril akamshika mkono, akamtoa taratibu. Akasogea kitandani kumpisha, mbali na waya wa taa.

"Kaa hapa, bibi," akasema. "Tupo ndani. Itapita."