Jina la Aliyepotea

Nilirudi Hirbadaw kuchukua jina moja. Jina tu.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni. Evarist alinishusha kwenye pikipiki pale barabara inapokatwa na korongo. Kishikwambi kwapani, hasira kooni.

"Saa moja kamili nawasha, dada," alisema. "Wakikukaribisha maziwa, usikae."

"Naenda kuandika neno moja, Evarist. Moja!"

Ngoja niwaeleze hiyo hasira. Naitwa Genoveva Akonaay, mtoto wa Dongobesh, nasoma takwimu mwaka wa tatu, na kwenye mdahalo sijawahi kukubali kushindwa hata siku niliyoshindwa. Likizo ile mimi na wanafunzi wenzangu tulikuwa tunakusanya taarifa za watu waliopotea Mbulu na Hanang kwa miaka kumi. Orodha ikikamilika, ingepelekwa polisi na kusomwa kwenye mikutano ya vijiji, watu watafutwe. Aliyemo atatafutwa. Asiyekuwemo, basi tena.

Asubuhi hiyo Patriki, msimamizi wetu, alitutumia jedwali la awali. Nikatafuta kata ya Hirbadaw.

Waliopotea: 0.

Sifuri! Wakati mimi mwenyewe, kwa miguu yangu na malengelenge yangu, nimeandika saba!

Nikampigia. "Patriki, watu wangu saba wako wapi?"

"Hawana majina. Rekodi isiyo na jina mfumo unaifuta. Tunasafisha data."

"Unasafisha? Umewapoteza mara ya pili!"

"Dada wa mdahalo, hapa hakuna majaji. Seva inafungwa leo saa moja jioni. Lete majina."

Na ubaya ni kwamba kosa lilikuwa langu.

Wale saba wote walikuwa wazee wa Kidatoga. Mchana wanaume wako machungani, kwa hiyo walionijibu ni wake wa watoto wao. Na mwanamke wa Kidatoga akishaolewa, jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwake. Hata neno linalofanana nalo analikwepa. Mimi Mwiraqw, nimekua jirani nao, nalijua hilo tangu utoto. Lakini siku ile jua lilikuwa linachoma, na nilikuwa na kaya tisa mbele yangu.

Boma la kwanza lilikuwa la Monica. Baba mkwe wake alikwenda kuchota magadi ya ng'ombe ziwani Balangida, miezi kumi na moja nyuma. Punda alirudi. Mzee hakurudi.

"Jina lake?" niliuliza.

Monica akatazama chini. "Genoveva, dada yangu, hilo siwezi."

"Jina tu, Monica!"

"Siwezi."

Kishikwambi kilikataa kuendelea bila kujazwa. Nikaandika: HANA. Alikuwa hajui kusoma, lakini aliniangalia vidole kama mtu anayeangalia kaburi likifukiwa.

Nikaandika HANA mara saba.

Darasani tulifundishwa kwamba kuna data inayokosekana kwa bahati mbaya, na kuna inayokosekana kwa sababu ya kile kile unachokiuliza. Hiyo ya pili ndiyo mbaya. Nilipata alama tisini na moja kwenye mtihani huo. Tisini na moja!

Maboma mengine sita yalikuwa mbali mno kwa jioni moja. Kwa Monica ningefika. Mume wake, Gidabuday, hurudi na ng'ombe jua likizama, na yeye jina la baba yake anaweza kulitaja. Angalau mmoja. Angalau sifuri ile isisimame.

Nikavuka korongo.

Mlima Hanang ulikuwa umeshakuwa mweusi. Upepo ulikufa ghafla. Kwa mbali nilisikia kengele za ng'ombe... halafu nazo zikanyamaza.

Kisha harufu. Chumvi. Magadi yaliyolowa, na chini yake kitu kama asali iliyochacha.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Mtu alikuwa anakuja nyuma yangu. Mzee, mrefu, amejifunga shuka jeusi, fimbo begani. Miguu yake ilikuwa myeupe mpaka magotini. Kila akipiga hatua, weupe ule ulipasuka kama ganda la yai.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia.

Nikadhani hasikii. Nikarudia kwa sauti. "Shikamoo!"

Nimeishi miaka ishirini na mbili. Hakuna mzee aliyewahi kuiacha shikamoo yangu ikaanguka chini hivyo.

"Wewe ndiye mwenye hicho," alisema mwishowe, akinyoosha fimbo kwenye kishikwambi. Alinong'ona. "Umekwenda boma lile."

"Ndiyo, mzee. Nimeandika habari za baba yake Gidabuday. Unamfahamu? Nataka jina lake."

"Ulishaandika."

"Niliandika kwamba hana."

"Eee," akasema. "Nilisikia."

Ningetakiwa kukimbia pale. Mtu mwenye akili angekimbia. Lakini nilitazama saa: dakika kumi na mbili zimebaki, na kichwani mwangu kulikuwa na ile sifuri tu. Nikachukulia ni mzee wa ukoo, amekasirika, ana haki ya kukasirika.

"Mzee, mimi nimekosa. Nakiri. Lakini nisaidie, hii mashine ikikosa jina inamfuta mtu. Unaona hapa?" Nikamwonyesha. Kisanduku cha jina kilikuwa kimezungushiwa mstari mwekundu.

Aliinama kutazama. Mwanga wa kioo ulimpiga usoni. Kope zake zilikuwa na chumvi.

"Kinataka jina gani?"

"Lolote!" Hasira ya siku nzima ikanipanda. "Hakina akili, mzee! Kinataka herufi tu, mradi zisiwe HANA. Hakijui aliyepo wala asiyekuwepo. Hata ningeandika la kwangu, kingekubali!"

"La kwako?"

"Hata la kwangu."

"Hakiwezi."

Laiti asingesema hivyo. Mtu akiniambia hoja yangu si kweli, mimi huwa siachi.

"Tazama," nikasema. Nikafuta HANA. Nikaandika herufi moja moja, polepole, ili aone vizuri.

GENOVEVA AKONAAY.

Mstari mwekundu ukawa kijani.

"Umeona?" nikasema, nikapeleka kidole nifute.

Kidole hakikufika. Kishikwambi kilitetemeka. Tangu nishuke kwenye pikipiki mtandao haukuwepo, hata kijistari kimoja... na dakika ile ukaja wote. Maandishi yakatokea yenyewe.

IMEPOKELEWA.

Mzee akavuta pumzi. Ndefu. Kama mtu aliyekuwa hajapumua miezi kumi na moja.

"Marahaba," akasema.

Akanipita. Kwaru... kwaru... akaelekea bomani. Na kengele za ng'ombe zikaanza kulia tena.

Sijui niliwezaje kulivuka korongo. Evarist alikuwa amesimama juu ya ukingo, taa ya pikipiki inawaka, uso umemshuka.

"Una nini wewe?" akafoka. "Nimekuita mara nne! Genoveva, Genoveva, mpaka koo linauma. Hukugeuka!"

"Sikusikia. Ulimwona yule mzee?"

"Mzee gani? Nilikuona wewe, unabishana na kishikwambi."

Akanipeleka mpaka mjini Katesh, nilikopanga. Kabla hajaniacha gesti alimulika chini. Viatu vyangu vilikuwa vyeupe. Ziwa liko mbali na pale. Sikukanyaga magadi mahali popote.

Nikampigia Patriki. Nilimwambia afute ile rekodi, nimekosea, jina si lake.

"Haifutiki, imeshafungwa," alisema, mwenye furaha zake. "Hongera lakini, Hirbadaw sasa ina mmoja. Makosa tutarekebisha awamu ya pili."

"Patriki, umesoma hilo jina?"

"Jina ni jina, bwana. Nina rekodi elfu mbili hapa."

Mnaona? Mtu nimefanya naye kazi wiki tano. Jina langu liko kwenye orodha ya waliopotea, mbele ya macho yake, na hakuliona.

Asubuhi saa mbili simu ikaita. Namba ngeni. Alikuwa Monica, ameazima simu kwa jirani; namba yangu nilimwachia siku ya kwanza. Alikuwa ananong'ona.

"Amerudi."

Niliketi kitandani.

"Jana. Ng'ombe walipoingia, na yeye akaingia. Mume wangu amelia kwa furaha, amechinja. Lakini hali chakula, dada. Amekaa ameupa moto mgongo. Mume wangu alimwita jina lake, hakuitika. Akamwita tena, hakuitika. Akamuuliza, baba, kwani wewe ni nani?"

"Akasemaje?"

Nilisikia kuku upande wa pili, na mlango ukifungwa.

"Akataja jina. Na tangu hapo mume wangu lile la zamani halikumbuki. Nimemwambia afikirie. Ananiangalia tu."

"Ametaja jina gani, Monica?"

"Siwezi kusema."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Ni la mkwe."

Mezani kishikwambi kilikuwa kimejiwasha. Hirbadaw: rekodi sita hazijakamilika. Visanduku sita vyekundu, vinasubiri.

"Monica," nikasema, sauti yangu ikiwa ndogo, sauti ambayo hakuna jaji amewahi kuisikia. "Siku ile ya kwanza uliniita vizuri tu. Niite. Niite kama ulivyoniita siku ile."

Nilimsikia akipumua. Nilimsikia akifungua mdomo, akafunga, akafungua tena.

"Dada..." akasema, akilia sasa. "Dada wa kishikwambi. Nisamehe."